Kikombe cha Bluu na Mboga za Bibi

Nyanga, Bukoba
Jumapili, saa kumi jioni

Koku mwanangu,

Sitakuuliza kama hujambo. Nimekuona mchana huu ukipanda gari na baba yako kwenda kulala kwa Bibi Muleba, na ulikuwa mzima, ila umenuna. Ulinuna kwa sababu nilikulazimisha. Ulisema, "Mama, kesho basi la Dodoma linapita Muleba, Bibi si atanipungia mkono barabarani inatosha?" Nikakuambia nenda ukalale kwake. Hukupata sababu, maana sababu yenyewe ni ndefu, na ndiyo nimekaa hapa barazani kuiandika.

Mpango unaujua. Kesho alfajiri nitapanda basi lako hapa Bukoba pamoja na begi lako, nikikalie kiti chako mpaka Muleba. Pale Bibi atakuwa amekusindikiza; nitashuka, wewe utapanda, na barua hii nitakuwekea mkononi. Kondakta alitaka kubisha kwamba kiti kimoja hakikaliwi na watu wawili. Nimemuuzia mboga huyo tangu hajaoa, nikamtazama tu, akanyamaza.

Mimi si mtu wa kuandika. Mimi ni mtu wa kusema, soko zima linajua. Lakini jambo hili nimejaribu kukuambia kwa miaka sita, na kila nikifungua mdomo linatoka jambo jingine: funga dirisha, umeze dawa, nani kaacha sufuria wazi. Kwa hiyo leo mambo ya sufuria na dirisha nayaacha. Unayajua yote, na usiyoyajua utajifunza kwa kuungua vidole kama sisi wengine.

Mvua inanyesha ile ya polepole. Ukungu umepanda kutoka ziwani umefunika kibanja chote, migomba ya mbele naiona, ya nyuma siioni, na kahawa zimebaki vivuli tu. Nyumba iko kimya. Kimya hiki ndicho kinachonisumbua, maana nimezoea kukusikia. Simaanishi maneno yako, maneno yako ni machache kama ya baba yako. Namaanisha moyo wako. Wewe uliniambia umeshauzoea, huusikii tena mpaka ulalie ubavu. Mimi nausikia hata ukiwa umekaa kochini unasoma: tik, tik, tik, kama saa ya mezani iliyofungiwa kabatini. Juzi nimeota kibanja kizima kinapiga hivyo hivyo, kila mgomba na mlio wake, na mimi natembea katikati na kapu langu kichwani nikitafuta mlio upi ni wako. Sikuogopa. Nilikuwa natembea tu, na majani yalikuwa yamelowa.

Unakumbuka tulivyofika kwenye mlio huo? Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Koo lilikuwa linakuuma mara kwa mara tangu ukiwa mdogo, na mimi nilikuwa nakupa maji ya chumvi usukutue, nakwambia acha kudeka. Kumbe koo lile lisilotibiwa lilikuwa linashuka kuharibu moyo. Hilo nilishakuomba radhi, na ulinisamehe haraka mno, mpaka niliona aibu. Tukaenda Dar, wakakufungua kifua, wakaweka valvu ya chuma mahali pa mlango wa moyo uliochakaa. Tuliporudi ulikuwa na kovu refu, na mlio, na dawa ya kunywa maisha yako yote ili damu isigande kwenye chuma kile.

Siku ya kuruhusiwa, daktari kijana alikaa nami akaniambia habari ya vitamini K. Alisema iko kwenye majani ya kijani, nayo ndiyo damu inayoitumia kuganda. Dawa yako inaizuia. Mboga ikizidi ghafla, dawa inashindwa, damu inaganda. Ikipungua ghafla, dawa inakuwa kali mno, damu inaweza kukutoka bila kukoma. "Kwa hiyo mama," akasema, "ale mboga, lakini kiasi kilekile kila siku." Alinirudishia mara mbili. Mimi nilitikisa kichwa kama nimeelewa, nikatoka na neno moja tu moyoni, kwamba mboga zitaniulia mtoto.

Hebu fikiria, Koku. Mimi, muuza mboga. Nyumba hii imejengwa kwa mboga, sare zako za shule zilitoka kwenye mchicha wetu wa dodo, mnavu, majani ya maboga, sukuma na matembele. Umejifunza kutembea katikati ya matuta yangu ya dodo, ukiyang'oa na kuyatia mdomoni na mizizi yake. Halafu naambiwa yale majani ndiyo yanayopigana na dawa ya mwanangu. Na ningeyapima vipi? Mimi najua fungu, sijui kipimo. Fungu la mteja mzuri ni kubwa, la mteja mbishi ni dogo, hicho ndicho kipimo changu.

Nikaona heri kuyafuta kabisa. Miezi mitano hapakupikwa jani hapa nyumbani. Tulikula ndizi zetu za ebitoke na maharage, ebitoke na dagaa, ebitoke na ebitoke, mpaka baba yako akawa anakula mboga kwa siri kwa jirani kama mtu anayekwenda kunywa pombe ya rubisi. Nikirudi sokoni nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla sijakugusa. Ulikuwa unanitazama tu. Siku moja ulisema, "Mama, hata majani ya maboga kidogo?" nikakufokea. Na kliniki walipouliza unakula mboga kiasi gani, nilijibu kwa majivuno, "Hata jani." Wakapima damu yako, wakakupangia vidonge vya mtu asiyekula hata jani.

Naomba usome polepole hapa, kwa sababu sasa nafika.

Krismasi ile ulitaka kwenda kwa Bibi. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nilikupeleka mwenyewe. Tulipofika Bibi alikuwa ametandika majani mapya sebuleni, yale anayoyakata mwenyewe, nyumba nzima inanuka shamba. Nikapiga magoti kumsalimia kama ninavyomsalimia siku zote, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo. Wewe ukatoka kuwaona mbuzi. Bibi akakutazama mgongoni mpaka ukaishia mlangoni, akasema, "Waitu, mtoto huyu amekuwa kijiti. Ana nini?"

Baba yako alitaka kumweleza mama yake mwenyewe tangu tulipotoka Dar. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, haya ni mazungumzo ya wanawake, niachie. Yeye alishukuru, unamjua. Kwa hiyo Bibi alichokuwa anajua ni kwamba ulipelekwa Dar kwa ajili ya kifua, basi. Sasa ameniuliza, nimepiga magoti mbele yake, kahawa iko mdomoni. Ilikuwa dakika moja tu ya kusema kweli.

Nikasema, "Alikuwa na maji kifuani, mama, wakayatoa. Na malaria ikampiga. Amepona, anatafuta damu tu."

Nilikuwa naogopa nini? Niliogopa wasemaji wa Muleba. Niliogopa waseme mwanetu kaoa Bukoba mjini, kaletewa mtoto mwenye moyo mbovu. Niliogopa kwamba hata kabla hujamaliza kidato cha kwanza watu watakuwa wameshakaa kujadili nani atakuoa na kama utazaa. Niliona nikitaja moyo, utakuwa mgonjwa machoni pa ukoo mzima mpaka kufa kwako. Nilijiambia nakulinda. Na wewe nilikuambia, "Usimsumbue Bibi na habari za hospitali, nimeshamweleza kila kitu." Nikakufunga vifungo vya gauni mpaka shingoni, nikarudi Bukoba, nikakuacha wiki mbili.

Bibi yako aliambiwa mjukuu wake anatafuta damu. Wewe mwenyewe ni Mhaya, unajua bibi wa Kihaya akiambiwa hivyo anafanya nini. Alikwenda nyuma ya jiko kwenye lile tuta lake, akachuma. Dodo mchana, mnavu wa karanga usiku, majani ya maboga yamewekwa juu ya ebitoke yaive kwa mvuke. Asubuhi alikuwa anatwanga matembele mabichi, anakamua maji yake kwenye kikombe, anakaa mbele yako mpaka uyamalize. Na wewe ulikuwa umenyimwa mboga miezi mitano. Ulidhani Bibi ameambiwa kila kitu, kwa hiyo akikupa ni ruhusa. Ulikula ukafurahi. Najua uliwahi kujiuliza kama kosa ni lako. Si lako, mwanangu, hata chembe.

Ulirudi umenenepa mashavu. Nikafurahi. Na usiku ule wa kwanza nilipokuja kukufunika nikaona kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mlio ulikuwa umefifia. Ulikuwepo, lakini mzito, kama mtu amefunika saa kwa kitambaa. Nilisimama pale nikiusikiliza. Unajua nilifanya nini? Nilishukuru Mungu. Nikasema, chuma kimezoeana na nyama, sasa nyumba imetulia. Nikaenda kulala, na nililala vizuri kuliko siku zote za mwaka ule.

Siku ya tatu asubuhi kikombe cha uji kikakutoka mkononi. Niligeuka kukugombeza nikaona mdomo umekwenda upande. Ulitaka kusema Mama, ikatoka sauti tu. Yaliyofuata nayakumbuka kama vitu vya ndotoni, pikipiki, ukungu kama huu wa leo, wewe katikati yangu na dereva, kichwa chako begani kwangu, na miti ya barabarani inapita bila sauti. Nilikuwa nakusemesha masikioni, sijui nilisema nini. Nadhani nilikuwa nakutajia majina ya mboga, moja moja, kama ninavyoyataja sokoni.

Hospitali wakasema damu imeganda kwenye valvu, kipande kimekwenda kichwani. Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akauliza, "Amebadilisha chakula?" Baba yako amesimama pale. Wewe umelala pale, macho wazi, unasikia. Nami nikasema, "Alikuwa kwa bibi yake. Amelishwa mboga asubuhi na jioni. Nilimkataza bibi, hakunisikia."

Hivyo ndivyo nilivyosema, Koku. Nilimkataza bibi, hakunisikia. Yalitoka yenyewe, laini kabisa, kama vile yalikuwa yananingoja.

Kesho yake baba yako alikwenda Muleba. Aliporudi nilimuuliza mama amesemaje. Akajibu, "Amesema, mwambie Mama Koku nimesikia." Ni hilo tu. Angeweza kusema hakuna aliyenikataza. Angeweza kuapa, na mwanawe angemwamini kuliko mimi. Alisema nimesikia, akanyamaza, amenyamaza mpaka leo. Mimi nimepokea neno lile miaka sita na bado sijui alinitumia kwa hasira au kwa huruma. Nadhani alipima akaona mtoto yuko kitandani, nyumba ya mwanawe ikivunjika itamsaidia nani. Sijui. Nitajua kesho.

Unakumbuka ulivyomwambia Bibi mwaka ule uliofuata, tulipokwenda kwenye msiba? Aliweka sahani mbele yako, ukaisukuma, ukasema, "Bibi, unataka kuniua tena?" Watu wakacheka wakidhani ni utani wa mjukuu. Bibi akachukua sahani, akatoka. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono, na nikaendelea kutafuna. Tangu siku ile, ukienda kwake anamtuma mtu dukani akuletee soda na mkate. Anakwambia, "Kula cha dukani, mjukuu wangu, hakina lawama." Na lile tuta la nyuma ya jiko aling'oa dodo lote, akapanda majani ya chai ya mchaichai. Wewe hukuuliza kwa nini. Mimi nilijua kwa nini, na kila nikienda naupita mchaichai ule bila kuutazama.

Daktari yule wa miwani alinifundisha upya. Kila ulipokuwa unafanya mazoezi ya mkono, alikuwa ananikalisha. Alinichorea kwa penseli nyuma ya bahasha. Akasema mama, vitamini K si adui wa mwanao. Bila hiyo, ukijikata na kisu cha mboga damu haingekoma. Tena akasema inasaidia chokaa ya mwilini ikae kwenye mifupa, isigande kwenye kuta za mishipa ya moyo ikaifanya migumu, ingawa hilo wataalamu bado wanalichunguza na nisikimbilie kununua vidonge vyake dukani. Nilishangaa. Majani niliyoyanawa kwa sabuni miezi mitano, kumbe katika mishipa ya watu yanaweza kuwa yanafanya kazi ya usafi. Akasema kosa halikuwa mboga za bibi peke yake. Kosa lilianza pale niliposema hata jani. Vidonge vilikuwa vimepangwa kwa mtu asiyekula kitu, kwa hiyo mboga za wiki mbili zilikuangukia zote kwa mara moja. Ungekuwa unakula kidogo kila siku, mwili ungekuwa na mahali pa kuziweka.

Alitaka kuendelea kuhusu bibi asiyesikia. Nikamkatiza, nikauliza mboga nitazipimia chombo gani.

Ndipo kikaja kikombe cha bluu, kile cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Mboga iliyopikwa, kikombe kimoja, kila siku, mvua jua. Tukarudi kliniki, wakapima, wakapanga vidonge upya kwa mtu wa kikombe kimoja. Tumeishi hivyo miaka sita na damu yako imekaa sawa. Mdomo ulirudi mahali pake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimebaki wavivu, na wewe ukaenda kuchagua upimaji ardhi, kazi ya kushika vyombo siku nzima. Nilikwambia chagua ualimu. Ulinijibu kwamba ardhi haina haraka. Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia, maana vidole hivyo ni vyangu. Ni mimi niliyeviharibu.

Mvua imepungua. Baba yako amepiga simu kutoka Muleba, anasema amekuacha salama kwa Bibi, yeye anapanda gari la kurudi. Nimemuuliza unafanya nini. Anasema umekaa nje na Bibi, hamsemi, mnatazama barabara. Nimemuuliza umekula nini. Amejibu, "Soda na mkate."

Baba yako naye hajui bado. Akifika nitampa asome karatasi hizi kabla sijazikunja. Namwogopa kidogo, ingawa hajawahi kuniinulia sauti, na labda ndiyo sababu namwogopa.

Sasa wewe unakwenda Dodoma. Kule watakukaribisha mlenda, wa kijani unaovutika, na ni watu wema, watakujazia sahani. Utakuta majani nisiyoyajua mimi hata majina. Sikwambii ule au usile, chakula kikibadilika utakwenda kliniki wapime, hilo unalijua kuliko mimi. Ninachokuomba ni kingine. Usijifunge vifungo mpaka shingoni kwa ajili yangu. Utakaolala nao chumba kimoja watausikia moyo wako siku ya kwanza taa ikizimwa. Waambie. Waambie ni valvu, waambie na dawa yake, waambie mlio ukififia wakuamshe na wakupeleke hospitali usiku huohuo, wasishukuru Mungu kwamba kumetulia. Akija kijana unayempenda, mwambie mapema, na siku mkitaka mtoto muanze kwa daktari kwanza, kwa sababu dawa hii ina maneno yake kwa mimba. Akikimbia, mwache akimbie. Mimi niliogopa watakaokimbia, nikamtupa mtu ambaye asingekimbia kamwe.

Nimekuwa mama mkali kwako juu ya kikombe, mpaka ulikuwa unaniita bibi afya. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hofu kwa sababu nilijua ninachokijua. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na ninaona aibu kukuandikia hivi, lakini ningeona aibu zaidi ukiondoka ukiwa na kinyongo na mtu asiye na kosa. Bibi anazeeka. Ukirudi likizo anaweza kuwepo, anaweza asiwepo, na wewe ungekuwa umesukuma sahani yake bure maisha yako yote.

Kikombe cha bluu usikitafute kwenye begi. Nimekiweka na kukitoa mara tatu leo. Mwisho nimekifunga kwenye kanga pamoja na mbegu za dodo, zile ndogo nyeusi za tuta letu la juu, na nitashuka navyo Muleba. Wewe kipimo unakijua kwa macho. Kikombe ni cha Bibi, ili siku ukija akupikie kwa mkono wake, achote mpaka mdomoni, asiogope.

Giza limeanza kuingia na baba yako sasa atakuwa anakaribia Kemondo. Naishia hapa nisije nikaanza kukukumbusha mwavuli.

Utakapokuwa unasoma, utakuwa umeshavuka Muleba, na kitu ulichokiona dirishani basi lilipoondoka kitakuwa kimekusumbua kidogo. Utakuwa umeniona nimepiga magoti kando ya lami, kwenye tope, na kanga ya Jumapili, mbele ya Bibi yako, na yeye labda ameinama kunishika mabega. Utakuwa umedhani namsalimia.

Salamu tulikuwa tumeshamaliza, Koku.

Mama yako wa Nyanga, muuza mboga